Mpima Kabureta wa Hazel Park Asiyesikia Tena Harufu

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, Verlon Stidham anatundika shuka la maua uani kwake, Hazel Park, Michigan. Si la kukausha. Limetoka kabatini likiwa kavu, limepigwa pasi, na analibana kwa vibanio kwenye kamba iliyokatiza kati ya injini na kiti cha mgeni.

Upande wa huku ameketi Leonard Maziarz, mpeleka barua mstaafu, ameshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Upande wa pili imesimama injini ya Pontiac ya mwaka 1966, isiyo na gari. Imefungwa kwenye fremu ya chuma juu ya sakafu ya zege. Ina rejeta yake, tangi lake dogo la petroli na bomba lake refu la moshi. Pembeni, juu ya gunia safi, zimelazwa kabureta mbili, vifaa vya kuchanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini.

"Usichungulie," anasema Verlon.

"Nani anachungulia?"

"Viatu vyako vimesogea."

"Vimesogea kwa sababu kiti chako ni kibovu, mtu wa milimani wewe. Miaka yote hii hujanunua kiti kingine."

"Wateja wangu wenye adabu hawajawahi kulalamika."

"Wateja wako wenye adabu walishakufa, Verlon."

Verlon anacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye jambo lingine kichwani. Kisha anainua kabureta ya kwanza, anaipuliza vumbi ambalo halipo, na kuiweka mahali pake juu ya injini.

Hilo shuka ndilo lililompa jina katika mitaa hii iliyo kando ya barabara ya Woodward. Mwenye gari akija na kabureta mbili, haruhusiwi kujua ipi inafanya kazi wakati gani. Anaketi nyuma ya shuka, anasikiliza tu, naye Verlon anazibadilisha moja baada ya nyingine juu ya injini ile ile, asubuhi ile ile, kwa petroli ya kopo lile lile. Mwishoni anatoa hukumu.

"Mtu akishalipia kitu, masikio yake yanaanza kumdanganya," anasema. "Ukimwonyesha ipi ni ipi, atakuambia ile ya bei kubwa inaimba. Nyuma ya shuka hakuna bei."

Leonard ana Pontiac GTO aliyoinunua kwa mishahara yake ya kwanza, akiwa kijana asiye hata na kitanda chake mwenyewe. Kabureta iliyokuja na gari ni Carter, imepauka, ina mikwaruzo, na skrubu zake zimelegezwa na kukazwa mpaka vichwa vimeanza kulika. Ya pili ni Holley mpya inayong'aa kama sufuria ya harusi. Mkwewe alimzawadia siku alipostaafu.

"Nikifunga ile ya zamani, mkwe atanuna," anasema Leonard. "Nikifunga mpya, nitanuna mimi. Nimekuja ili mtu mwingine abebe lawama."

Baada ya majuma mawili magari ya zamani yatajaa Woodward kama kila Agosti, na hakuna mwenye gari anayetaka lake likohoe mbele ya watu.

Verlon amezijua aina hizo mbili za kabureta tangu utotoni, na huzieleza kama mtu anayesimulia tabia za ndugu zake. Carter, anasema, ni mpishi anayepakua kwa kijiko. Ina sindano zinazopanda na kushuka ndani ya matundu ya petroli, injini ikiomba kidogo inapewa kidogo, ikiomba zaidi inaongezewa. Ukishaiweka sawa unaweza kuisahau mwaka mzima. Holley ni mpishi mkarimu. Injini ikinyoosha mkono tu, inamiminiwa. Tena ni rahisi kuirekebisha: unafungua skrubu chache, unatoa jeti, yaani kipande chenye tundu la kupitisha petroli, unaweka nyingine kubwa au ndogo, basi.

"Hakuna mbaya hapo," anasema. "Mbaya ni yule aliyeifunga akaiacha bila kuisikiliza hali yake."

Kuisikiliza hali yake, kwa Verlon, ilikuwa kazi ya pua zaidi ya sikio. Injini ikishapata moto alikuwa akienda mwisho wa bomba la moshi, anachuchumaa, anavuta. Petroli ikizidi, moshi una uzito na utamu mbaya, kama yai lililoanza kuharibika. Hewa ikizidi, moshi ni mkavu, unakwaruza. Vikilingana hakuna harufu ya kusimulia. Pumzi mbili tatu, akainuka na jibu lake.

Leo Verlon hasikii harufu yoyote. Ni mwaka wa tatu sasa, na Leonard hajui.

*

Verlon alizaliwa Harlan, Kentucky, kwenye milima ya makaa ya mawe, miaka sabini na minne iliyopita. Alifika Michigan akiwa mdogo, godoro limefungwa juu ya paa la gari, baba yake akifuata kazi ya kiwanda. Hazel Park ilijaa watu wa namna hiyo, wa maharage na mkate wa mahindi, na miji ya jirani iliwacheka kwa namna walivyosema.

Akiwa na miaka kumi na sita alikuwa akisimama kando ya Woodward vijana wanaposhindanisha magari kutoka taa moja hadi nyingine. Hakuwa na gari. Alikuwa na pua. Gari likimpita alikuwa akiwaambia wenzake, "Huyu petroli imemzidi, atashindwa," na kweli alikuwa akishindwa. Baadaye wenye magari wakaanza kumfuata yeye kabla ya kuwafuata mafundi.

Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha kukandamiza mabati. Mashine zilimpunguzia sikio la kushoto. Kiwanda kilipofilisika, pensheni ikakatwa karibu nusu, na kabureta zilizokuwa za kujifurahisha Jumamosi zikawa ndizo chakula.

Siku zile alipokea hadi nane kwa wiki. Mwaka huu ni mbili kwa mwezi, dola mia mbili na hamsini kila moja. Wengi wanang'oa kabureta na kufunga mfumo wa kompyuta unaopima wenyewe. Wengine wananunua geji ya kuchomeka kwenye bomba la moshi, inayoonyesha mchanganyiko kwa tarakimu.

Kwa nini naye asinunue hiyo geji? Swali hilo ameshaulizwa na bintiye, Rhonda, zaidi ya mara moja.

"Mtu anaweza kusoma tarakimu nyumbani kwake," anajibu. "Hawezi kuendesha gari kutoka Toledo aje kunitazama mimi nikisoma tarakimu. Walikuwa wananunua pua. Sikuwa na kingine cha kuuza."

Pua iliondoka Januari ya mwaka juzi. Alipata homa, ikapita kama homa nyingine. Juma lililofuata, mkewe Oleta alirudi kutoka mazoezi ya kwaya akakuta jiko limejaa moshi, maharage yameungua hadi yameshikana na sufuria, na Verlon ameketi hapo hapo mezani anasoma gazeti.

"Baba, unataka kutuchoma?" aliuliza. Ndivyo wanavyoitana, Baba na Mama, kama wazazi wao walivyoitana kule milimani.

Alidanganya kwamba alisinzia. Asubuhi iliyofuata akaingia karakana peke yake, akafungua kopo la petroli na kuliweka puani. Akafungua tapentaini. Akafungua mkebe wa kahawa. Vyote vilikuwa maji matupu.

*

Wazo la kikombe lilikuwa la Oleta.

"Nimefua nguo zake miaka arobaini na sita," anasema mama huyo, aliyekuwa mpishi wa shule. "Harufu ya petroli iliyozidi naijua kuliko marashi. Nikamwambia, Baba, wewe geuza bomba, mimi nitakuambia."

Dirisha la jiko linatazama uani. Verlon alikata bomba la moshi akalielekeza upande huo. Wakati wa kupima, Oleta alikuwa akisimama kwenye sinki kama anayeosha vyombo, dirisha wazi. Alikuwa na kikombe cheupe. Akikisimamisha dirishani, mchanganyiko uko sawa. Akikifudikiza, petroli imezidi. Akikilaza, hewa imezidi. Verlon naye aliendelea kwenda kuchuchumaa mwisho wa bomba na kuvuta pumzi, watu waone viatu vyake chini ya shuka, kisha akainuka, akatupa jicho dirishani, akasema.

Hakuna aliyegundua. Tena sifa ziliongezeka.

"Mwaka ule watu walisema pua yangu imekuwa kali kuliko zamani," anasema Verlon. "Na walisema kweli. Ya kwake ni kali kuliko yangu."

Ila Oleta alikuwa na pumu tangu mtoto. Majira ya baridi yaliyopita alianza kukohoa, ikafika Machi hawezi kupanda ngazi, na mwezi Mei akalazwa karibu mwezi mzima. Daktari alimuuliza kama nyumbani kuna moshi. Alijibu hakuna mvutaji. Rhonda aliyekuwa amesimama kando ya kitanda, ambaye alikulia katika nyumba hiyo, hakusema kitu mpaka daktari alipotoka. Kisha alirudi Hazel Park na kuliziba dirisha la jiko kwa utepe wa gundi, pande zote nne, akambana baba yake ukutani kwa maneno ambayo Verlon hataki yaandikwe.

Sasa sebuleni kuna mashine ya oksijeni inayonguruma mchana kutwa, na mpira mrefu unamfuata Oleta kila aendako, isipokuwa jikoni. Jiko ni la gesi, na mashine na moto havipatani.

*

Injini inawaka. Mngurumo wake unaingia kwenye nyayo za viatu. Shuka linatikisika.

Verlon anaweka kiganja kwenye fremu. Anafungua petroli polepole, kisha ghafla, kisha anaiacha ishuke yenyewe. Hii ni Carter. Inapanda bila kusita, inashuka bila kukohoa.

Anakwenda mwisho wa bomba, anachuchumaa na kuvuta pumzi. Machozi yanamlengalenga kidogo, lakini macho ya umri huo hulizwa na kila kitu, hata upepo. Anainuka, anazima.

"Ya kwanza hiyo," anasema.

"Nzuri," anajibu Leonard nyuma ya shuka. "Au masikio yangu yamezeeka?"

"Yamezeeka, lakini nzuri."

Anabadilisha. Nati nne, mpira wa petroli, kamba ya mafuta. Mikono yake haina haraka. Wakati huo Leonard anazungumza ili kuujaza ukimya, na anamtaja Joyce Napier, jirani yao mjane, dereva mstaafu wa basi la shule.

"Alinipita juzi na ile Pontiac Le Mans ya marehemu mumewe. Akaniambia gari halijawahi kuwaka vizuri kama ulivyoliacha mwezi wa tano. Sasa linatoa moshi wa bluu kidogo, anasema ni uzee. Nikamwambia hata sisi tunatoa."

Spana inamponyoka Verlon, inalia kwenye zege. Haiokoti mara moja.

"Upo huko?" anauliza Leonard.

"Nipo."

Holley inawaka. Inaitikia haraka kuliko Carter, kwa kishindo kinachopendeza, na Leonard anapiga mluzi. Verlon anachuchumaa tena mwisho wa bomba. Anavuta. Anavuta tena. Anahisi petroli imezidi. Anahisi, hajui. Plagi zingesema ukweli kwa masizi yake, lakini plagi husema baada ya gari kukimbia maili nyingi, na mtu ameketi pale anangoja.

Kwa mazoea anageuka dirishani.

Utepe umebanduliwa kona moja. Kioo kinapanda, kinakwama, kinapanda tena. Mkono mweupe, wenye alama ya sindano, unatoka na kuweka kikombe juu ya kizingiti. Kimefudikizwa.

Nyuma ya kikombe yupo Oleta, bila mpira wake puani, ameshikilia sinki kwa mkono mmoja. Mdomo uko wazi kama samaki aliyetolewa majini. Moshi unaingia moja kwa moja pale alipo, kwa lile bomba ambalo mumewe alilikata mwenyewe na kulichomelea kuelekea huko.

"Haya, mheshimiwa mwamuzi," anasema Leonard. "Tamka basi, kahawa imeisha."

Jibu lilikuwa mkononi mwa Verlon. Lilikuwa sahihi. Alipaswa kulisema tu, kama alivyosema mara nyingi, na Jumamosi ingepita.

Alizima injini.

"Leonard," alisema, "toa hilo shuka."

*

Alimweleza wakiwa wamesimama, mikono yote ya Verlon ikiwa imeshika tambara. Alipomaliza, Leonard alitazama dirisha, akatazama bomba, akafuata kwa macho njia ya moshi kama mtu anayefuata anwani asiyoamini.

"Yangu ya mwaka jana?"

"Kikombe."

"Na ile ya shemeji yangu, uliyomwambia abadilishe jeti, akasema wewe ni mchawi?"

"Kikombe."

Leonard alihesabu miezi kwa vidole. Ndipo akauliza taratibu, "Na ya Joyce? Mwezi wa tano Oleta alikuwa hospitali."

"Ya Joyce hakukuwa na kikombe," alisema Verlon.

Joyce alimletea Le Mans ya mumewe, Russell, kwa kuwa alitaka kujaribu kuiendesha mwenyewe. Ilikuwa imekaa tangu mazishi. Verlon alifungua kabureta, akaisafisha, akaifunga, akaipima kwa sikio moja zima na jingine bovu. Ikanguruma kwa utulivu. Akamwambia iko tayari.

Haikuwa tayari. Petroli ilizidi, na petroli iliyozidi haiungui yote. Inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili, na ringi za pistoni zinasugua chuma kikavu siku baada ya siku. Majuma mawili yaliyopita Verlon alikuwa kibarazani gari hilo lilipopita. Aliona moshi wa bluu. Alisikia kugonga kwa ndani. Joyce alimpungia mkono, naye akapunga.

"Injini ya Russell ilikuwa haijawahi kufunguliwa," anasema. "Ilikuwa kama ilivyotoka kiwandani. Nimeiua mimi, halafu nikampungia mkono mwenyewe."

Leonard alizifunga kabureta zake kwenye gunia. Hakutania. Alipofika mlango wa nyuma alimkuta Oleta ameketi kwenye ngazi, amerudishiwa mpira wake, midomo bado ina rangi mbaya.

"Chukua ile ya zamani," Oleta alimwambia. "Ile mpya ni nzuri, ila mwambie mkweo apunguze jeti kwanza."

"Asante, dada."

"Usiniite dada kama uko msibani."

Alipoondoka, Verlon aliketi ngazi ya chini yake.

"Nimekosea?" Oleta aliuliza.

"Hujakosea, Mama. Ilizidi."

"Sasa ulizima ya nini?"

"Nilikuona uso."

"Uso wangu una nini? Ni wa kwangu." Alisubiri pumzi imrudie. "Umenivua nguo mbele ya mtu. Ulifikiri muda wote ule nilikuwa nakusaidia wewe? Nimepakua chakula cha watoto wa watu miaka yote, hakuna aliyewahi kuniambia Oleta, umepatia. Pale dirishani nilikuwa napatia kila siku. Mimi nami nilikuwa fundi, Baba."

Verlon anasema hilo hakuwa amelifikiria hata mara moja. Alikuwa amefikiria mapafu ya mkewe na jina lake mwenyewe. Kwamba mkewe naye alikuwa na kazi ya kupoteza, halikumjia.

*

Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa Joyce. Alivaa koti. Joyce alimfungulia, akamkaribisha kipande cha pai ya rubabi, mmea mchachu unaopikwa kwa sukari, naye akasema hatakula mpaka aseme.

Akasema. Alieleza pua, kikombe, kabureta, silinda. Joyce alisikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyezoea kelele za watoto arobaini nyuma ya kichwa, bila kugeuka.

"Kwa hiyo mle ndani mlikuwa na moshi," alisema mwishowe.

"Ndiyo. Lazima ulikuwa unapenya. Ulikuwa hausikii harufu?"

"Gari la Russell limenuka petroli tangu nimjue. Nilidhani ni yeye." Alipangusa makombo ambayo hayakuwepo mezani. "Macho yanauma, huo moshi?"

"Ukizidi, yanauma. Yanatoa machozi."

Joyce aliketi.

"Russell alipokufa sikulia, Verlon. Hata kaburini. Dada zake walininong'ona kanisa zima likasikia. Mwezi wa sita nikaanza kuliendesha. Nikifika tu Woodward machozi yanatoka yenyewe, nalia mpaka narudi nyumbani. Nikawapigia hata dada zake simu nikawaambia. Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu. Nilikuwa nakwenda kila siku."

Verlon alitazama kofia yake.

"Na wewe umekuja kuniambia ni petroli."

"Joyce."

"Ya injini ningekusamehe hapo hapo mlangoni. Injini ni chuma." Aliinuka, akamfunikia kile kipande cha pai kwa karatasi, akampa. "Hili ungeweza kuninyamazia."

"Sikulijua hili."

"Najua hukulijua," alisema, na akafunga mlango bila kuubamiza.

Verlon alirudi kwa miguu. Pai aliila Oleta. Alisema ina sukari kidogo mno, na kwamba ina harufu nzuri.

*

Jumanne, Verlon yuko uani tena, shuka limekunjwa kabatini. Analegeza bolti zinazoishika injini ya majaribio kwenye fremu. Ameamua iende kwenye Le Mans ya Joyce, kama atakubali. Itaingia, miguu yake ya kufungia ni ile ile. Haitakuwa ya Russell, na hilo amemwandikia, kwa kuwa simu Joyce hapokei. Mpaka siku simulizi hii inaandikwa hajajibu.

Bila injini hiyo hakuna kupima, na bila kupima hakuna wateja. Amekwisha kuwapigia simu wawili waliokuwa njiani mwezi huu akawaambia wasije. Mmoja alicheka, akamwambia asijali, hata hivyo alikuwa anafikiria kufunga kompyuta.

"Nataka ing'oke kabla ya theluji," anasema. "Joyce akiikataa, nitaifunika. Akiikubali, Leonard ameshanunua geji. Nitairekebisha kwa kusoma, kama watu wengine. Safari hii gari lile halitamliza mtu."

Anasimama hapo, kana kwamba amesikia alichosema, kisha anainamia bolti inayofuata. Imeshika kutu. Anaimwagia oili na kungoja.

Mapafu ya Oleta, madaktari wamesema, hayatarudi yalivyokuwa. Kinachotafutwa ni yasishuke zaidi. Verlon ana mpango wa hapo pia. Juu ya hiyo zege, injini ikishaondoka, ataweka benchi lenye kivuli, karibu na nyumba ili mpira wa oksijeni ufike.

Oleta yuko mlangoni, anasikiliza mpango huo kwa mara ya kwanza.

"Nikae hapo nifanye nini?"

"Uniambie."

"Nikuambie nini?"

"Chochote kinachonuka. Mvua ikikaribia. Jirani akikata nyasi."

Oleta anautazama ua wa jirani juu ya senyenge, magugu yamefika kiunoni tangu masika.

"Huyo hakati nyasi," anasema, na anarudi ndani taratibu, mpira ukimfuata.